Aliyemlaza Kulwa Penye Moshi

Ipole, Sikonge,
Tabora.
16 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Doto,

Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa, maana nakujua, ungeanza nayo hata ukiwa na hasira. Hujambo huko Masasi? Watoto wanasoma? Mkeo mguu umepoa? Mimi mwili mzima, ila magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba nimezeeka. Naandika kwa anwani ya shule unayofundisha kwa sababu tangu Pasaka namba yako haipatikani.

Habari za huku si nzuri. Pacha wako anaumwa saratani ya mapafu. Mwaka mzima tulidhani ni kifua chake kile kile cha utotoni, halafu akatibiwa kifua kikuu miezi sita, akazidi kukonda. Kipande cha nyama ya pafu kilipelekwa Dar, majibu yakarudi baada ya wiki tano. Imeshaingia kwenye mifupa. Doto, Kulwa hatapona.

Nikuambie na aibu yetu. Alipoanza kukonda, baba mdogo Eustace alikaa ukumbini kwangu akasema, "Doto ananenepa huko Masasi, Kulwa anakauka huku. Mnadhani anakula nini?" Niliyaamini maneno yale. Mimi niliyewabeba mgongoni kwa zamu mama alipofariki, niliamini unamla pacha wako.

Daktari Shamimu, binti mdogo tu ila mvumilivu, ndiye aliyenitoa ujinga. Nilimuuliza mbele ya Recheli, mke wa Kulwa, inakuwaje mapacha wa sura moja mmoja aumwe mwingine awe mzima. Akasema kila chembe ya mwili ina maelekezo yake, yanaitwa vinasaba, na nyinyi mlizaliwa na maelekezo yale yale. Kilichoharibika kiliharibikia baadaye, ndani ya pafu la Kulwa peke yake. Chembe moja iliingiwa na kosa, ikazaa nyingine zenye kosa lile, makosa yakaongezeka, mpaka zikawa zinazaana bila kujua kukoma.

Nikamuuliza lini. Akasema makosa ya kwanza huweza kukaa kimya miaka ishirini, hata zaidi, mtu analima, anaoa, anacheka. Kisha akauliza kama Kulwa anavuta sigara. Hajawahi hata moja. Akauliza kuhusu moshi mwingine, hapo ndipo nilipokaa chini.

Unalikumbuka bani letu la kukaushia tumbaku? Wewe ulikuwa na kifua kizima, ukalala ndani ya nyumba ukaenda shule. Kulwa alikuwa anakohoa kila masika, na hapa kwetu wote tulijua joto la bani linakausha kikohozi. Nilimtandikia mkeka mdomoni mwa tanuri, pale moto unapochochewa siku saba mfululizo na bomba lenye ufa linapumua moshi. Tangu ana miaka tisa mpaka anaoa. Alipokohoa zaidi, nilimsogeza karibu zaidi. Daktari hakutaka kuapa kwamba ni moshi ule, amesema huenda. Mimi sihitaji kiapo chake.

Nilimweleza Kulwa yote nikilia. Akasema, "Dada, pale palikuwa na joto. Sijawahi kulala vizuri kama pale." Afadhali angenitukana.

Bado kuna jambo baya zaidi. Simu yake nakaa nayo mimi tangu alipolazwa mara ya kwanza. Ulipopiga, nilikata. Ulipiga mara nyingi, Doto, nami nikakata zote mpaka ukachoka. Yeye akawa anauliza kama umepiga, namwambia hapana. Miezi mitano ameamini pacha wake amemtupa.

Nakuomba uje. Ukifika stendi ya Tabora, Idrisa wa baba mdogo atakuleta mpaka hapa. Usingoje mapumziko ya shule, hayatamkuta. Na huko uliko nenda hospitali, uwaeleze kwamba pacha wako anaumwa hivi na kwamba nawe ulikuwa unachochea moto likizo, wakupime. Hata kama hukohoi.

Recheli anakusalimu, hana nguvu ya kuandika. Baba mdogo Eustace anakusalimu pia. Nimemlazimisha, na ameinamisha kichwa. Nisalimie mkeo na uwabusu watoto, hasa yule anayefanana na nyinyi wawili. Mungu akulindie pumzi yako na akufikishe kwetu salama.

Leo asubuhi nimemwambia Kulwa ukweli kuhusu simu. Alinyoosha mkono, nikampa simu yake. Ameilaza kifuani, hataki mtu aiguse. Barua ikikufikia, piga. Ataipokea mwenyewe, ila usimngoje aseme neno, pumzi haimtoshi. Ongea wewe.

Dada yako akupendaye, ingawa hukuuona upendo huo mwaka huu,
Apolinaria