Dawa Niliyomnunulia Mama

Mjukuu wangu Atupele, ugonile! Huku Suma tuko wazima, mvua haikatiki, na bibi yako anatamba kijiji kizima kwamba ana daktari wa macho. Nimemwambia akili hizo umezitoa kwangu, mimi niliyeishia darasa la sita.

Umeniuliza kwa nini wagonjwa huwaficha ninyi madaktari dawa walizotia jichoni kabla ya kufika hospitali. Kumbe wasomi nanyi mna maswali!

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya dawa yalipoanza kuota mjini Tukuyu, mama yangu alichomwa jicho na kijiti cha chai akichuma. Akataka kwenda hospitali. Nikamwambia, "Mama, foleni ya nini? Dawa nazijua mimi."

Nikamletea matone yaliyomponya jirani macho mekundu. Siku mbili wekundu ukapungua, nikatembea kifua mbele kama mganga mkuu. Wiki ya pili jicho likawa jeupe kama maziwa.

Tulipofika hospitali, daktari akakitazama kile kichupa cha matone. "Dawa hii inatuliza wekundu huku kidonda kinakula jicho! Nani kakupa?"

Mama akajibu, "Nilijinunulia mwenyewe, daktari."

Nami, mdomo wote huu, nilisimama kando yake nisitoe neno. Jicho halikurudi. Amekufa bila kunitaja, wala mimi sijajitaja kwa mtu, ila leo kwako.

Basi mgonjwa akikuficha, usimkaripie. Mtazame na aliyemsindikiza.

Babu yako