Jicho la Akiba la Mwalimu Sospeter Malimi

Baba, mwaka umezunguka tangu tukulaze hapa Turwa, na nyumba bado haijazoea. Mama amechoka. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Anatoka zamu ya usiku wodini, anavua viatu, na jua likifika utosini anapanda ngazi hadi kwenye bati kama ulivyokuwa ukifanya wewe, anapangusa vumbi kwenye jicho na kusoma namba. Jicho, ndivyo ulivyokiita kile kipimo kidogo cha mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana lakini inababua ngozi. Tulimwambia aache. Akasema, "Nikiacha, watasema Sospeter alikuwa anacheza tu."

Uliwafundisha fizikia watoto wa Tarime kama wa kwenu Magu, kwa sauti ya chini, bila fimbo. Wachimbaji wa Nyakunguru wakipita walikutania, "Mwalimu, huko juu ya bati kuna dhahabu?" Ukawajibu, "Ipo, ila haichimbiki." Ulipanda na chai, ukasahau kikombe huko huko. Vikombe vyetu vimeisha hivyo.

Hesabu zako zilitabiri kwamba miaka hii jua lingezidisha kidogo mionzi hiyo, maana hupanda na kushuka kwa zamu. Jicho likaonyesha kushuka tu, mwaka hadi mwaka. Wenzako wakazicheka hesabu. Wewe ukashikilia kwamba jua halishuki, ila linalichosha jicho linalolitazama. Ndiyo maana tangu mwanzo uliweka pacha wake gizani, ndani ya kopo la maziwa, amefungwa kitambaa cheusi. Siku ya kuyalinganisha, tofauti yao ingekuwa ndiyo uchovu wa lile la kazi. Ulipanga kuyalinganisha kiangazi kilichopita. Ugonjwa haukungoja.

Basi siku za msiba shangazi Ng'washi alifika, akaona vitu vyako vina harufu ya chumba cha mgonjwa, akavianika vyote uani: godoro, mashati, vitabu. Kopo nalo akalifungua, akalilaza lile jicho la akiba majanini pamoja na soksi. Alifanya kwa upendo. Likakaa hapo hadi siku ya kuanua matanga. Mama alipoliona aliketi kizingitini. Kwa kuwa pacha ameshaliona jua, aliamini kazi yako yote imekwishia pale kwenye majani. Huo ndio mzigo aliobeba mwaka mzima, wala hakumgusia shangazi.

Wiki iliyopita alikuja Nassib, mwenzako wa chuo kikuu. Mama akamweleza, macho chini. Nassib akasema, "Shemeji, la kwenye bati limekaa juani miaka kumi. Hili limekaa siku za msiba tu. Uchovu wa siku chache tunaweza kuukadiria, tukautoa."

Wakayaweka yote mawili kwenye bati, mchana wa mbingu safi. Namba zikapishana sana: pacha alisoma juu, karibu kama jicho la kazi lilivyosoma mwanzoni. Kushuka kote kulikuwa kwa jicho, Baba. Jua halikushuka. Kupanda ulikokutabiri ni kudogo mno, na Nassib hataki kuapa kwamba kumeonekana kutoka Turwa, ila hakuna tena wa kuzicheka hesabu zako. Shangazi, ukisoma hapa, usijilaumu.

Pacha amebaki kwenye bati, na zamu ya kupanda ameichukua mwanao Ombeni. Lile lililochoka Mama alilipangusa, akalifunga kitambaa cheusi, akalitia kwenye kopo. "Umetazama vya kutosha," alisema. "Pumzika sasa." Sote tulijua anasema na wewe. Kisha akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke jua lilipita utosini yeye akiwa usingizini.

Unakumbukwa na mkeo Bupe, wanao Huruma na Ombeni, dada yako Ng'washi, Nassib, jirani yako mzee Waitara, na wanafunzi wako.

Kila mchana jua likisimama juu ya bati letu, tutakukumbuka, leo na daima.