Kiti cha Asha Kiko Stoo

Mwalimu Domitila, dada yangu,

Salamu zangu nyingi zikufikie huko Mungu alikokuweka. Habari ya afya yako? Ile miguu imeacha kuvimba? Sisi huku Kamembe tupo, tunamshukuru Mwenyezi. Cherehani bado inazunguka, na Asha wangu ameingia mwaka wa tano. Nikikuambia ni mzima nitakuwa nimesema nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonikalisha kukuandikia.

Asha hachezi tena.

Unakumbuka Ijumaa zako? Ile shule rafiki ya Ubelgiji inatoka nje kucheza, ya Bukavu ng'ambo ya daraja inatoka, na wewe unatoka na watoto wako kuteremka barabara ya ziwani, halafu mnatumiana picha. Siku ya kwanza nilikufuata mbio nikakuambia, mwalimu, huyu wangu anatembelea gongo, atawachelewesha. Ukanitazama kama muntu aliyekutukana. "Maman Asha, hapa darasa linaenda mwendo wa Asha. Atakayechoka kungoja, aimbe." Basi wakaimba! Mji mzima ulijua darasa lako linapita kwa sababu ya zile nyimbo. Mimi wa msikiti, nikajikuta nashona huku nikiimba mambo ya kwaya yenu, mume wangu akicheka mpaka anakohoa.

Siku tuliyokuzika watoto walifuata jeneza hivyohivyo, Asha mbele na gongo lake, wenzake nyuma wakimngoja. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Mwalimu aliyekuja baada yako ni kijana mzuri, ana filimbi, anapenda mashindano. Ijumaa wanakimbia. Asha anabaki chini ya ukuta kuchunga masweta ya wenzake. Nilipomuuliza mwalimu, akanijibu kwa upole kabisa, "Maman, kila mutoto ana kazi yake." Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Halafu kile kiti kikaja. Kile ulichowaomba Wabelgiji, ukafa hujakiona. Dada, ni kizuri! Kifupi, magurudumu yamelala upande, cha kuchezea mpira hasa. Wageni wakakileta wenyewe, shule ikapigwa deki, na Asha akakalishwa mbele ya wote. Mwanzo aliogopa. Alipojua kukigeuza, alizunguka kama pia, akamnyang'anya mpira yule mrefu wa mwaka wa sita, akatupa, akafunga. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu uende. Na mimi nilipiga vigelegele, sikufichi. Wageni wakalia, wakapiga picha, direkta wa shule akahutubia juu ya urafiki wa mataifa, na michezo, na kutomwacha mutoto yeyote nyuma. Alisema vizuri. Nilidhani nakusikia wewe.

Gari la wageni halijafika barabara ya uwanja wa ndege, kiti kilishapanguswa, kikavishwa nailoni yake, kikafungiwa stoo. Asha akasimama pale na gongo lake akitazama mlango.

Nilimfuata direkta ofisini. Hakunifukuza. Alinipa hata kiti cha kukaa. "Maman, tuelewane. Batoto batakiharibu. Kikivunjika, bazungu bakirudi nitabaonyesha nini?" Na ubaya wake, Domitila, nilimwelewa. Kwani sisi sote si ndivyo tulivyolelewa? Nani kati yetu hana vikombe vizuri kabatini vinavyongoja mgeni, watoto wake wakinywea vya plastiki? Vyangu viko pale tangu niolewe. Wewe mwenyewe ulikunywa humo mara ngapi, mimi nikisimama kukuchunga usiviangushe! Lakini kikombe hakiumii kikikaa kabatini. Mtoto anaumia.

Nikamwambia, "Direkta, wale watu walimletea Asha, hawakuiletea stoo." Akasema tutaona. Neno hilo unalijua. Ni mlango uliofungwa kwa salamu.

Sasa wageni wanarudi Jumanne. Jana direkta alituma salamu: Asha asuke nywele, avae soksi nyeupe, kiti kitatolewa. Damu ilinipanda kichwani. Nikasema haendi. Mwanangu si kitambaa cha meza, kitandikwe wageni wakija na kukunjwa wakiondoka. Nilisema kwa sauti, majirani wamesikia, na Mungu anisamehe kwa mengine niliyoongeza.

Asha alikuwa mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Mama, mi nataka kuenda. Hata ile siku moja tu."

Tangu hapo sijashona kitu kinachoeleweka. Nikimkataza, mimi ndiye nitakayekuwa nimemfungia. Nikimruhusu, watampiga picha akicheka, zitaenda Ubelgiji, na huko watasema tazameni, mambo ni mazuri. Naswali, nainama, naomba nionyeshwe, nainuka na uchungu uleule.

Nitamsuka, Domitila. Nimeshaamua hivyo. Nitakwenda naye, na wageni wakiaga sitaaga. Nakuahidi mbele ya Mungu wetu, nitakaa kwenye kizingiti cha ile stoo kiti kisirudishwe ndani, mwili wangu huu wote unaoujua, na Ijumaa nitakaa tena, na inayofuata. Waniite Maman mkorofi. Waite hata mkuu wa mtaa. Lakini sina maneno yako. Wewe ulikuwa unasema neno moja, watu wanaona aibu bila kukasirika. Mimi nikifungua mdomo, wanakasirika bila kuona aibu.

Basi pumzika, dada. Mungu akurehemu, akupe mahali pa raha.

Ila kama kuna njia, hata ya ndoto, niambie nimwambie nini direkta pale mlangoni. Nakuomba unijibu upesi. Iwe kabla ya Jumanne.

Wako,
Maman Asha