Maua Yako ya Baharini Hapa Section 58

Mpendwa Baba Khisa,

Jana mchana stima zilipotea tena huku kwetu Nakuru, na kwa vile wewe hauko, nilishika jagi mwenyewe.

Siku ile ulipolileta hilo tangi la kioo nilikununia, unakumbuka? Mteja wako wa Milimani, yule uliyekuwa unamtengenezea friji, alikuwa anahama nchi akakupa lote bure, nawe ukashuka nalo kwenye pikapu polepole kama mtu anayeleta bibi arusi. Mimi miaka yote nasubiri kabati ya vyombo! Ndani kulikuwa na jiwe lenye vishina vyembamba, kila kimoja na ua dogo la kijani juu, yote yakiyumba pamoja. "Haya ni matumbawe," ukasema. "Si ua, Mama Khisa. Ni mnyama." Nikakuuliza mnyama wako anakula nini, asije akatumalizia unga.

Na ulivyoyadekeza! Maji ya mfereji ukayakataa kabisa. "Yametupaka meno rangi ya chai, haya yatayafanya nini?" Ikawa ni mitungi ya maji ya kuchujwa na chumvi yake maalum, unakoroga kwenye ndoo huku umekunja uso. Mama Brayo wa jirani akaja na ushauri wake: si mchote tu Lake Nakuru, kule si ni chumvi tupu? Ulicheka hadi ukakaa chini. "Mama Brayo, hiyo ni magadi! Unataka kunipikia maharagwe?"

Ulikuwa unayalisha kwa sindano ile ya kunywesha ng'ombe dawa, unayapulizia chakula laini kama vumbi, pole pole. Nikakuambia mimi hujawahi kunilisha hivyo. Ukajibu bila hata kugeuka, "Wewe una mikono, hayo hayana." Mjinga wewe. Nakumiss.

Lakini kitu nilichopenda zaidi ni stima kupotea. Mota ya tangi ikinyamaza, maji yanakosa hewa, basi tunavuta stuli mbili tunachota kwa jagi na kumwaga kutoka juu, kwa zamu, mpaka zirudi. Hakuna TV, simu hazina chaji. Siku nyingine zote sisi ni karo na bei ya nyanya, lakini pale kwa tangi ndipo uliponisimulia habari za mama yako. Pale ndipo tulipomtaja mtoto wetu wa kwanza, yule ambaye hatukujaliwa kumlea. Hukuniangalia. Ulikuwa unachota na kumwaga tu, machozi yanashuka, na mimi nikapokea jagi.

Tulipotoka kukuzika, watu wa kanisa walijaa hapa sebuleni kutuombea. Dada yako Selina akasema, "Hebu zimeni hicho kitu kinanguruma, tuombe." Mtu akachomoa waya, kwa heshima yako, mwenzangu, na hakuna aliyekumbuka kuurudisha. Asubuhi nikaamka nikashangaa mbona nyumba imetulia hivi. Maji yalikuwa yamepoa na maua yote yamejirudisha ndani ya jiwe.

Siku zikapita, yamejifunga tu. Upande mmoja ukageuka mweupe kama mfupa. Khisa akaniambia, "Mathe, hiyo imeisha, tutupe." Nikamfokea, maskini, na hakuwa amekosa. Ni vile nilikuwa nimejiambia kwamba haya yakifa, basi na wewe umeenda kabisa. Si upuuzi huo? Lakini ndivyo nilivyokuwa nahisi, kila asubuhi, nikiinama pale kwa kioo kabla hata sijapiga mswaki.

Nikashika neno lako: "Yakijifunga usiyashikeshike. Wewe tengeneza maji tu." Basi nimetengeneza maji. Nimekoroga chumvi hadi mkono ukauma, nimejifunza kuongeza maji yasiyo na chumvi yakipungua, kama ulivyokuwa ukifanya. Na hakuna kilichofunguka.

Sasa hiyo jana stima zikapotea. Nikavuta stuli, moja tu, nikaanza kuchota. Mkono ukazoea, mdomo nao ukafunguka. Nikakuambia Khisa amepata kazi Naivasha. Nikakuambia sukuma wiki imemea vizuri, Selina anakuja Jumapili, na mimi silali vizuri kwa sababu ya ile nafasi yako kitandani. Niliongea, Baba Khisa, niliongea sana. Nilipoangalia chini, ule upande usiogeuka mweupe ulikuwa umetoa vishina, vichache, vifupi, vinayumba.

Khisa ndiye aliyenigusa bega. "Mathe, stima zilirudi kitambo." Kweli, mota ilikuwa inanguruma, taa zinawaka, na mimi bado nachota na kumwaga.

Nikamwambia alete stuli ya pili, akae.

Wewe pumzika, mpenzi. Maji niachie mimi.

Mkeo,
Mama Khisa