Isale la Eli

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika, na mimi kanisani nilikaa tu. Ukiniuliza mchungaji alihubiri nini, nitakudanganya.

Nimemkamata mwizi, na mwizi ni ndugu yangu.

Kazi yangu ni kuangalia mtandao wa kompyuta katika ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kahawa, Moshi mjini. Eli, mtoto wa baba mdogo, ni karani humo humo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hiyo, tena kwa kumsifia.

Kila kompyuta, kabla ya kufungua tovuti, huuliza kwanza anwani yake. Ni maswali madogo madogo, maelfu kwa siku, na hakuna anayeyajali. Wiki hii nikaona kompyuta ya Eli inauliza tovuti zenye majina marefu yasiyosomeka, na zote zinaishia kwenye mashine moja huko nje. Nikayakusanya majina yale, nikayaunganisha, nikayafumbua. Jamani! Ilikuwa bei ya chini kabisa tutakayokubali mnadani, anatumiwa mnunuzi kabla ya mnada ili asitoe zaidi ya hapo. Kaipitisha vipande vipande ndani ya majina hayo, mbele ya macho yangu.

Akili anayo, mshenzi yule. Angeitumia kwa mambo ya maana.

Halafu nikafanya ujinga. Ijumaa, badala ya kwenda kwa mwenyekiti, nilimpigia simu Eli. Nilitaka aniambie nimekosea. Akakata simu.

Leo mimi na mama tuliporudi kutoka kanisani, tulimkuta uani kwetu. Amepiga magoti kwenye tope, mkononi ana jani la isale, amelifunga fundo.

"Dada, nimekosa. Nisamehe."

Kwetu Wachaga isale ndilo jani la kuombea msamaha; ukiletewa hukatai, hata kwa damu iliyomwagika. Mkono wangu ulilipokea kabla sijafikiri. Eli akalia, akaenda zake. Nami nikabaki na hasira, maana nilijua amenifunga mdomo. Nimeshasamehe, sasa nitamshtaki vipi?

Mama alikuwa akimenya ndizi za mtori. Akauliza ndugu yangu amekosa nini. Nilitaka kumficha. Lakini kahawa ya mama nayo imo kwenye mnada ule, ameichuma kwa mikono yake yenye baridi yabisi. Nikamweleza yote.

Aliweka kisu chini.

"Wewe umeshaombwa," akasema. "Na sisi wenye kahawa, isale letu liko wapi?"

Nililia, nasema kweli. Nililia kwa sababu nampenda Eli, na kwa sababu mama ana haki.

Nimemtumia Eli ujumbe sasa hivi, wa wazi, anayetaka na ausome: Kesho saa mbili tunakwenda kwa mwenyekiti, mimi na wewe. Usiponikuta njiani nitakwenda peke yangu. Na ukate majani ya kutosha, wanachama ni wengi.