Maoni Kumi na Saba ya Mfereji wa Tatu

Duka la Vitabu,
Uyole,
Mbeya.
14 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Rayyan,

Assalaam alaykum. U hali gani, na Amna je, na huyo mjukuu wangu ambaye bado sijampakata? Nimesikia meno yameanza kutoka na hamlali. Vumilieni. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo, na bibi yako anasema alitulia alipofikisha miaka arobaini.

Sisi huku wazima. Bibi yako Mwanakhamisi yuko Iringa. Magoti yanamsumbua asubuhi za baridi lakini sauti haijapungua, majirani ni mashahidi. Hapa Uyole mvua ilionjesha tu juzi, malori ya viazi yamejipanga mpaka mbele ya duka langu, na daftari zinauzika kidogo kidogo. Salamu nimezitanguliza kwa sababu nililelewa vizuri. Ugomvi unafuata.

Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe kwenye simu. Naunakili kama ulivyo, usije ukasema nimekuongezea: "Shangazi, punguza ukali. Kamati yetu imezunguka mikoa yote. Madibira tumepata maoni arobaini na moja kuhusu kodi, na hakuna hata mtu mmoja aliyezungumzia kampuni kubwa kukwepa kodi. Kumi na saba walizungumzia mifereji tu, tumeyapeleka kwa watu wa umwagiliaji. Wananchi wa mashambani jambo hilo hawalijui. Ni la ninyi wasomaji wa magazeti."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili bila kujibu, na wewe unanijua, mimi kukaa siku mbili bila kujibu ni ugonjwa. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nahesabu. Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu kwa kalamu, na kila mara nilipata kumi na saba.

Nilikuwapo, Rayyan.

Kila mwaka nakwenda Madibira kununua mpunga wa nyumbani kwa Jackline, yule dada niliyekuambia kwamba ndiye kiongozi wa mfereji wa tatu katika mradi wao wa umwagiliaji. Safari hii nilipanga siku yangu iangukie mkutano wenu. Nilikuwa na kurasa kumi na moja, zimepigwa chapa, kuhusu jinsi kampuni zinavyohamisha faida. Unajua miaka ishirini naandikia wahariri juu ya jambo hilo. Nilikuwa nimejipanga kuwafundisha: kamati, na kusema kweli, hata wale wakulima.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la mpunga, watu wamekaa juu ya magunia matupu. Karani wenu, dada mmoja mpole, alikuwa na kishikwambi mapajani. Waliotangulia walisema yale tunayoyajua: makato ya simu, ushuru wa mazao, risiti. Halafu mwenyekiti wenu akauliza, bila hamu, kama kuna mwenye neno kuhusu kampuni kubwa na michezo ya kubahatisha.

Nikashika kurasa zangu. Kabla sijainuka, Jackline alikuwa ameshasimama, mikono nyuma, matope ya shamba bado yako kwenye kanda mbili zake.

"Waheshimiwa," akasema, "hapa sisi tuna mfereji. Kabla ya msimu kila mtu anasafisha kipande chake. Zamani tulipanga kwamba aliyevuna mengi mwaka jana asafishe kipande kirefu, aliyevuna kidogo kifupi. Tukaona ni haki. Mwaka wa pili wenye mashamba makubwa wote wakawa hawakuvuna! Magunia wameyahamishia kwa shemeji, mengine wameyaandika jina la mjomba, mpunga umelala Rujewa, mwenyewe anatuambia msimu ulikuwa mbaya. Sisi wa robo ekari, ambao gunia letu kila mtu analiona limeegemea ukuta, ndio tukabaki tunazibua mfereji mzima."

Watu wakacheka. Wanaume wawili watatu wakaanza kuchunguza mabati ya paa.

"Basi tukaacha kumuuliza mtu amevuna nini. Tunaangalia mlango wake wa maji. Upana wake, na siku ulizokaa wazi. Kipande chako ni hicho. Magunia kapeleke unakotaka."

Akageuka akanyoosha mkono kuelekea senta, kule kwenye banda la kubeti. "Sasa ile kampuni. Ina mlango hapa, uko wazi asubuhi mpaka usiku, na maji yanayoingia tunayajua kwa sababu ni ya kwetu. Nimewasikia redioni wakisema mwaka huu hawakupata faida, hela yote imelipia jina na mitambo kwa mwenye kampuni, naye yuko ng'ambo. Huyo wa ng'ambo ndiye shemeji! Nyie bado mnawauliza wamevuna nini. Angalieni mlango."

Mwanangu, nilizitazama kurasa zangu. Kurasa kumi na moja. Nimesoma ripoti za wataalamu zenye unene wa tofali, nimejifunza maneno ambayo hata kuyatamka yanachosha taya, na huyu mwanamke amelimaliza jambo lote kwa muda wa kuchemsha chai. Na hakulisoma popote. Wamelikuta, wamedanganywa nalo, wamelitafutia dawa, na dawa inafanya kazi.

Nikajiambia, sawa, lakini kuna swali moja gumu, la aliyepata hasara kweli, ambalo wataalamu hugombana juu yake, hili hawezi. Sikuhitaji kuliuliza. Silvester, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, alilipaza kutoka nyuma: "Na mimi niliyeliwa na kweleakwelea? Mlango wangu ulikuwa wazi, nikavuna makapi!"

"Tulikuja kuliona shamba lako, hatukuja?"

"Mlikuja."

"Tulikupunguzia kipande, hatukukupunguzia?"

"Mlinipunguzia, ila mlichelewa, na mgongo wangu mpaka leo unawadai!"

"Pole baba. Basi na kampuni ikisema imeliwa na ndege, itupeleke tukalione shamba."

Ghala lilitikisika. Dastan, wakala mwenye lile banda la kubeti, akaruka juu: "Jackline, sasa wewe unanifungia biashara!"

"Sikufungii, Dastan. Wewe mfereji unasafisha, tunakuona. Na kamisheni yako si unakatwa kodi kabla hujaishika?"

"Nakatwa."

"Basi uko upande wetu, hujajua tu."

Mtu akapiga kelele, "Dastan, leo mkeka umechanika!" maana mkeka ndilo jina la karatasi yao ya kubashiria mechi, na ukichanika umekosa vyote. Dastan alicheka naye, akakaa, akafikiri. Kisha, nisikilize hapa, akasimama tena, safari hii akaomba jina lake liandikwe. Akasema: "Mimi nauza mikeka. Kila jioni simu yangu inapeleka hesabu makao makuu, shilingi kwa shilingi. Wasije wakawaambia maji yaliyoingia hayajulikani." Banda hilo ndilo linalosomesha watoto wake, Rayyan. Mimi sijui kama ningekuwa na moyo huo.

Baada yake wakasimama wengine kumi na watano. Mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya alisema mchimbaji mdogo anakatwa mzigo ukiwa bado kwenye mizani, basi na wakubwa wapimwe kwenye mizani hiyo hiyo. Mama mmoja alisema kamari ifungwe kabisa kwa sababu imekula mbolea ya nyumba yake. Jirani yake akampinga, akasema ukiifunga itahamia vichakani ambako hakuna mlango wa kuangalia. Waligombana vizuri, kwa hoja. Na wote walisema kwa maneno ya mfereji, kwa sababu mfereji ndiyo kodi wanayoijua kwa mikono yao.

Jina langu lilipoitwa nilisema sina la kuongeza. Mimi Mwanaidi! Nilizikunja zile kurasa nikazitia mkobani, na mpaka leo hazijatoka.

Kesho yake nilikwenda kuwaona wakisafisha. Fikiria watu mia mbili ndani ya mfereji mmoja, mstari mmoja unaopotea machoni, majembe na mafyekeo yanapanda na kushuka. Mwalimu yumo, muuza nyama yumo, Dastan yumo mpaka magotini. Jackline anatembea ukingoni na mti wa kupimia, akifika kwa mwenye mlango mpana anasema tu, "Bado hatua nane, mzee," na mzee anaendelea. Hakuna askari, hakuna faini niliyoisikia ikitajwa. Alipofika kwenye kipande chake mwenyewe alimpa jirani ule mti ampimie, akashuka. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia msikitini kwa mara ya kwanza. Nimeishi miaka hamsini na mbili nikiambiwa kwamba watu wetu hawapendi kulipa kodi.

Sasa rudi kwenye ujumbe wako. Watu kumi na saba walizungumzia kampuni kubwa, kamari na kodi. Jackline mmoja, Dastan wa pili, na wale kumi na watano. Karani wenu alisikia neno mfereji, akatafuta kwenye orodha ya kishikwambi chake, akakuta "umwagiliaji," akabonyeza. Simlaumu sana, hakupewa kisanduku kingine. Nakulaumu wewe uliyepokea fomu kumi na saba kutoka mkutano wa kodi, zote za mifereji, hukushangaa, hukufungua hata moja. Umekulia chini ya kaunta ya duka la vitabu. Nilidhani nilikufundisha kusoma ndani, kumbe uliishia kwenye jalada.

Na ndivyo serikali zetu zinavyokosea kwenye kodi yenyewe. Zinamwona yule ambaye gunia lake limeegemea ukuta. Mwenye shemeji wa ng'ambo anaulizwa kwa adabu amevuna nini, anajibu hakuvuna, anaandikiwa hivyo hivyo. Halafu ripoti inasema wananchi hawakuwa na maoni.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko ripoti yako, na ndilo lililonifanya niandike kwa kalamu. Jana Jackline alinipigia simu. Nilimsikia anacheka kabla hata ya salamu.

"Mama Junaid, mimi nimesema kodi, wameniletea fundi na futi kamba! Kapima mfereji wote, hakuona hata jani. Ananiuliza, mbona watu kumi na saba wanakulalamikia?"

Nikacheka naye. Kisha akasema Jumatatu ya tarehe 25 ameitwa na watu wa umwagiliaji akajieleze. Mfereji wake umeandikwa kuwa ndio wenye malalamiko mengi kuliko yote, na kuna pendekezo abadilishwe kiongozi. Wenye milango mipana wameshapata mtu wao. Mtu huyo anasema turudie utaratibu wa zamani, kila mmoja aulizwe amevuna nini.

Umeelewa, mwanangu? Nyie mlikwenda kuuliza namna ya kutoza kodi kwa haki, mkaonyeshwa mahali ambapo inatozwa kwa haki, na sasa fomu zenu ndizo zitakazopavunja. Silvester, aliye mwisho wa mfereji, akikosa maji msimu ujao hatajua kwamba chanzo chake ni kidole kilichobonyeza kisanduku.

Nilitaka kumwambia Jackline kwamba nina mtoto wa kaka yangu ndani ya kamati hiyo. Niliona haya. Nikamwambia tu avute subira siku kumi na mbili.

Msalimie sana Amna, mwambie vile vitabu vya mtoto vipo, nitavituma na basi la Jumamosi. Junaid anakusalimu, anauliza lini utakuja kulipa lile deni la kufungwa kwenye bao. Bibi yako anasema umpigie simu ukiwa umekaa, si ukiwa unatembea. Mungu awalinde, amfungulie mtoto usingizi, na akupe kazi ambayo hutaona haya kuitaja mbele ya baba yako siku mtakapokutana.

Na ninyi wenzake Rayyan, maana najua barua zangu husomwa na ofisi nzima, haya yanawahusu pia. Fungueni fomu zile kumi na saba leo. Zitoeni kwenye maji mzirudishe kwenye kodi, na maneno ya Jackline yaingie katika ripoti kama alivyoyasema, na yule shemeji wa ng'ambo ndani. Kisha wewe Rayyan, kwa mkono wako na jina lako, waandikie waliomwita kwamba mfereji wa tatu haujalalamikiwa na mtu yeyote, kwamba kosa ni lenu. Barua hiyo iwe imefika kabla ya Jumatatu ya tarehe 25, saa tatu asubuhi. Saa hiyo mimi nitakuwa nimekaa kando ya Jackline, na jambo la kwanza nitakalouliza ni kama imefika.

Mimi shangazi yako ninayekupenda na nisiyekuachia,

Mwanaidi