Barabara ya Warumi Inapita Korbesa

Kwa Abba yangu Umuro,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unauma kidogo kwa kubeba mawe. Wewe na mama mko aje huko Biliqo? Ile ngamia nyeupe imezaa? Zeinab, dada yangu, wewe ndiye unamsomea Abba, kwa hivyo soma polepole, na usicheke mwandiko.

Abba, uliniambia kazi ya barabara ni ya watu hawana mifugo. Lakini hapa Korbesa nimepata mtu wa maana, sovea wetu, mpimaji wa barabara, Bwana Kiambi, Mmeru. Ako na kitabu moja ya picha, na wakati wa chai anatusomea habari ya Warumi, watu wa zamani sana waliingia Uingereza wakatengeneza barabara. Hawakuwa na tinga ya kuchimba. Askari wenyewe walichimba mitaro pande mbili, wakapanga mawe kubwa chini, ndogo juu, na katikati wakainua kama mgongo wa ng'ombe ndio maji iteremke. Anasema karibu miaka elfu mbili imepita na mahali zingine gari bado inafuata laini hiyo hiyo. Hiyo siku chai yangu ilipoa.

Anasema pia miji yao mingine ilianza kidogo tu. Askari wanapiga kambi mahali pa kuvuka mto, halafu muuza mkate anakuja kukaa nje ya lango, halafu fundi wa viatu, mwishowe ni mji. Ntinyari, mama anatuuzia mandazi, amefuata kambi yetu tangu Merti. Aliposikia hivyo akasema basi mji ukisimama hapa uitwe Ntinyari.

Nikauliza swali, ya kwanza tangu nianze kazi, kama huko Uingereza hakukuwa na wenyewe. Bwana Kiambi akasema walikuwepo, na nyumba zao za mviringo za nyasi na ng'ombe zao, na pengine Warumi walifuata njia yao. Mureithi, yule hupiga vigingi vya laini, akasema kumbe huyu bubu ako na mdomo. Nikarudi kubeba mawe.

Sasa shida. Laini yetu ilinyooka kama ya Warumi, ikavuka laga, huo mto wetu mkavu, pale chini kwenye mchanga. Abba, ni pale pale maji ilichukua ngamia zetu tatu, na shangazi Sabdio akashika mti mpaka jioni. Sisi wenye mifugo tunazunguka juu, kwenye mwamba. Asubuhi tatu nilisimama mbele ya Bwana Kiambi niseme. Akiniuliza nataka nini, nasema maji ya kunywa.

Jumatatu vigingi saba vilipatikana vimehamishwa, vimefuata njia ya ng'ombe. Bwana Kiambi alikasirika mpaka kofia ikaanguka. Akasema Mureithi alipima na macho ya miraa, afunge mizigo, lori ya Alhamisi imrudishe kwao. Mureithi ako na mtoto mchanga. Aliapa, hakuna mtu alimwamini.

Zeinab, hapa shusha sauti, mama asisikie kwanza. Abba, ni mimi. Jumapili wote walienda kanisa Merti, nikabaki kulinda kambi. Niling'oa vigingi nikavipiga juu kwa mwamba, nikihesabu hatua vile ulinifundisha. Nilifikiri wataona wenyewe wajue hapo ndipo pa kuvuka. Sikufikiri mwingine atalaumiwa.

Alhamisi Mureithi alipopanda lori, nilishika mlango nikasema mbele ya watu wote. Alishuka, nikangoja kofi. Akasema huyu bubu hajui kuanza na maneno ndogo. Nilimpeleka Bwana Kiambi laga, nikamwonyesha takataka ya mafuriko imekwama kwa mti, juu ya kichwa chake. Akaangalia sana. Halafu akafungua kitabu, akanionyesha barabara ya Warumi imekunja karibu na mto. Hiyo picha nilikuwa nimeiona mara nyingi. Sikujua kwamba pale, lazima kijana fulani alifungua mdomo.

Mureithi amebaki. Adhabu yangu ni kumbebea vigingi mwezi mzima, na ananiita Mrumi. Lakini vigingi vyote saba vimebaki kwa mwamba.

Bwana Kiambi anakuomba uje na lori ya Jumanne, utuonyeshe mahali zingine za kuvuka mpaka Biliqo. Njoo Abba, uongee wewe. Mimi nitabeba vigingi.

Msalimie mama, na umwambie shangazi Sabdio barabara haitapita kwa mti wake.

Mtoto wako,
Ahmednasir